Mnara Umefika, Je, Huduma Imemfikia Mwananchi? Fahamu Safari ya Intaneti na Ujumuishi wa Kidijitali Tanzania

Mwananchi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, anayetafuta ajira katika utumishi wa umma, anayesajili jina la biashara au anayeomba pasipoti, leo hupitia mtandao wa intaneti katika hatua moja au zaidi. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaifikia intaneti limekuwa pia swali la nani anapata huduma kwa wakati na nani anachelewa au kuikosa kabisa.

Makala haya yanaeleza namna intaneti inavyomfikia Mtanzania, taasisi zinazohusika, maana ya takwimu zinazotangazwa mara kwa mara, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu ili atumie huduma za mtandaoni bila kupoteza haki, fedha au taarifa zake. Kujengwa kwa mnara ni hatua ya kwanza tu. Baada ya mnara kuna kifaa, gharama, ujuzi, lugha na usalama, na kukosekana kwa kimojawapo kunaweza kumwacha mwananchi nje ya huduma hata kama simu yake inaonesha kuwa mtandao upo.

Intaneti inafikaje nchini

Hadi mwaka 2009, Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti ili kuunganishwa na intaneti ya dunia. Huduma hiyo ilikuwa ya gharama kubwa na kasi ndogo, na watumiaji wengi walilipia kwa muda katika vibanda vya intaneti vilivyokuwa mijini. Hali ilianza kubadilika Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kutoa huduma kupitia Dar es Salaam, ukifuatiwa na mkongo wa EASSy mwaka 2010.

Mkongo wa baharini huishia pwani. Kazi ya kusafirisha mawasiliano kutoka pwani hadi mikoani na wilayani hufanywa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao unaendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL). Mkongo huo umeunganishwa pia na nchi jirani, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, hatua inayoziwezesha nchi zisizo na bahari kuitumia Dar es Salaam kama lango la mawasiliano.

Kutoka kwenye mkongo, mawasiliano hupelekwa kwenye minara ya kampuni za simu, na mnara ndio unaowasiliana na simu ya mwananchi. Hapa ipo tofauti ambayo haifahamiki kwa wengi. Mnara wenye teknolojia ya kizazi cha pili pekee (2G) unatosheleza kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi na kutuma fedha, lakini hauwezi kufungua kwa ufanisi fomu ya maombi au somo la video. Kazi hizo zinahitaji kizazi cha tatu (3G) au cha nne (4G). Ndiyo maana kijiji kinaweza kuhesabiwa kuwa kina mawasiliano ilhali mwanafunzi wa kijiji hicho analazimika kusafiri hadi makao makuu ya wilaya ili kutuma maombi yake. Kwa kutambua tofauti hiyo, mipango ya Serikali inahusisha ujenzi wa minara mipya sanjari na kuongeza uwezo wa minara ya zamani.

Umuhimu wa kuwa na njia zaidi ya moja ulidhihirika Mei 12, 2024, wakati mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa wakati mmoja baharini, kusini mwa Tanzania. Watumiaji wa intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, walishuhudia huduma ikizorota au kukosekana. Hitilafu iliyotokea chini ya bahari, mbali na mipaka ya nchi, iligusa wakala wa fedha, ofisi na mwanafunzi kwa pamoja.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na minara ya vijijini

Kampuni ya simu hujenga mnara mahali inapotarajia wateja wa kutosha kurudisha gharama za ujenzi, nishati na matengenezo. Maeneo yenye wakazi wachache, milima, visiwa au barabara mbovu hayavutii uwekezaji huo. Ili kuziba pengo hilo, Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya mwaka 2006, iliyoanzisha Mfuko unaofahamika kwa kifupi kama UCSAF.

Mfuko hubainisha maeneo yasiyo na mawasiliano ya uhakika, kisha hutangaza zabuni ambapo kampuni hueleza kiasi cha ruzuku inachohitaji ili ipeleke huduma. Kampuni inayokidhi vigezo na kuomba ruzuku ndogo zaidi hupewa kazi hiyo. Kwa utaratibu huu, Serikali hailipii gharama zote za mnara. Inafidia sehemu ambayo soko peke yake lisingeibeba. Sehemu ya fedha za Mfuko hutokana na michango ya kampuni za mawasiliano zenyewe.

Mei 13, 2023 jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia utiaji saini wa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713. Katika mgawanyo huo, Tigo ilipewa minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ujenzi huo ni sehemu ya Mradi wa Tanzania ya Kidijitali unaotekelezwa kwa ushirikiano na Benki ya Dunia.

Kwa kuwa posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, Mfuko hutekeleza majukumu yake Tanzania Bara na Zanzibar. Aidha, Mfuko hupeleka kompyuta katika shule za umma na kuwezesha mafunzo ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) kwa walimu, yakiwemo mashindano na mafunzo ya wasichana yanayofanyika sambamba na Siku ya Kimataifa ya Wasichana na TEHAMA mwezi Aprili.

Namna ya kusoma takwimu

Kila robo mwaka, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutoa takwimu za sekta. Hadi Desemba 2023, laini za simu zilizosajiliwa na zinazotumika zilikuwa zaidi ya milioni 70, na watumiaji wa intaneti waliohesabiwa walikuwa milioni 35.8.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo watoto wachanga. Laini zinapozidi idadi ya watu, maana yake si kwamba kila mtu ana simu. Maana yake ni kwamba wapo wananchi wenye laini mbili au tatu, huku wengine wakiwa hawana hata moja. Vivyo hivyo, laini iliyohesabiwa kuwa imetumia intaneti haioneshi kama mwenye laini anaweza kujaza fomu, kuhakiki taarifa au kulinda nywila yake.

Kwa mwananchi na kwa kiongozi wa kijiji, maswali yenye manufaa zaidi ni manne: mtandao uliopo ni wa kizazi kipi; ni kaya ngapi zina simu inayoweza kufungua tovuti; bei ya kifurushi ni sehemu gani ya kipato cha siku; na ni nani katika kaya anayeishika simu hiyo. Katika kaya yenye simu janja moja inayoondoka na baba asubuhi, mama na watoto hawana intaneti hadi jioni, hata kama mnara uko nyuma ya nyumba.

Kifaa na gharama

Wananchi wengi wangali wanatumia simu ndogo zisizo na intaneti, maarufu kama "vitochi". Simu hizo hazipaswi kudharauliwa. Mapinduzi ya huduma za fedha nchini yalianzia hapo: M-Pesa ilizinduliwa Tanzania mwaka 2008, na mwananchi aliweza kutuma fedha kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli bila kuhitaji intaneti. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, ikilinganishwa na asilimia 65 mwaka 2017, na simu ndiyo iliyochangia kwa kiasi kikubwa. Funzo lake kwa watoa huduma za umma ni kwamba huduma inayopatikana pia kwenye simu ya kawaida huwafikia watu ambao tovuti haiwezi kuwafikia.

Serikali imejaribu pia kupunguza bei ya simu janja kupitia kodi. Katika mwaka wa fedha 2021/22, Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondolewa kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, baada ya kubainika kuwa bei kwa mlaji hazikushuka kama ilivyokusudiwa. Uzoefu huo ulionesha kwamba unafuu wa kodi hauna hakika ya kumfikia mnunuzi wa mwisho.

Kuhusu vifurushi, TCRA ilitoa mwaka 2021 masharti kwa kampuni za simu, likiwemo la kumtaarifu mteja matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi. Mteja anayeona salio lake likiisha bila taarifa ana haki ya kulalamika kwanza kwa kampuni yake, na asiporidhika, kufikisha lalamiko lake TCRA.

Huduma za Serikali mtandaoni na suala la steshenari

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye jukumu la kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Miongoni mwa mifumo inayotumiwa na wananchi wengi ni ile ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) na ya Idara ya Uhamiaji. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, utaratibu ulioanza mwaka 2017 na uliopunguza mianya ya fedha za umma kupita mikononi mwa watu.

Vilevile, tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST. Asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi za umma imetengwa kwa makundi maalumu, yakiwemo ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, kikundi cha akina mama wanaoshona sare za shule katika kata ya pembezoni hakiwezi kunufaika na fursa hiyo kama hakina mtu wa kukisajili kwenye mfumo.

Pale ambapo mwananchi hana kifaa au ujuzi, huenda steshenari. Mhudumu wa steshenari hufungua akaunti, hujaza fomu, huambatisha vyeti na hutoa nakala. Kazi hiyo ni ya msaada mkubwa, na kwa wananchi wengi steshenari ndiyo ofisi ya Serikali iliyo karibu zaidi. Lakini hapo ndipo pia palipo na hatari ambayo wengi hawaioni hadi muda umepita.

Mhudumu anapotumia barua pepe yake au namba yake ya simu kufungua akaunti ya mteja, taarifa zote za maombi hayo humfikia yeye. Mwombaji wa mkopo anayetakiwa kurekebisha kiambatisho ndani ya siku chache hapati ujumbe. Mwombaji wa ajira aliyeitwa kwenye usaili hajui. Nywila ikisahaulika, namba ya uthibitisho huenda kwenye simu ya mtu mwingine, ambaye pengine amehama au amefunga duka. Mwananchi hana kosa la kisheria, lakini fursa imempita.

Ili kuepuka hali hiyo, mwananchi anayesaidiwa kujaza maombi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Atumie namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Kama hana barua pepe, aanze kwa kufunguliwa yake na kuandika nywila mahali salama nyumbani.
- Asome majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho kwenye fomu kabla haijatumwa, na kulinganisha na vyeti vyake.
- Alipe mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, badala ya kuacha fedha taslimu ili alipiwe baadaye.
- Ahakikishe akaunti imefungwa na nakala za vyeti vyake hazijaachwa kwenye kompyuta ya dukani.
- Abadilishe nywila mapema iwezekanavyo, kwa kuwa aliyemsaidia ameiona.

Lugha na utamaduni wa mtandaoni

Kiswahili kinatumika kwa wingi mtandaoni. Vikundi vya WhatsApp vya ukoo hukusanya michango ya harusi na misiba. Vikoba huhifadhi humo kumbukumbu za hisa na marejesho. Wafanyabiashara huonesha bidhaa na kupokea oda. Ujumbe wa sauti umewawezesha kushiriki hata wasiojua kusoma vizuri. Maneno kama bando, kuperuzi, kupakua, nywila na kishikwambi yamekuwa ya kawaida, na hilo la mwisho lilienea zaidi wakati wa Sensa ya mwaka 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi kukusanya taarifa.

Pamoja na hayo, mwananchi anayezungumza Kiswahili kutwa nzima kwenye simu yake hukutana na Kiingereza pale anapofungua baadhi ya fomu rasmi. Ujumbe wa hitilafu usioeleweka humfanya abonyeze tena na tena, arudie kulipa, au akate tamaa. Kiswahili kimepewa hadhi ya siku yake duniani, Julai 7, kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2021. Hadhi hiyo inakuwa na maana kwa mwananchi pale maelekezo ya mfumo anaolazimika kuutumia yanapokuwa katika lugha anayoielewa.

Suala hili linawahusu pia watu wenye ulemavu. Tangazo lililopigwa picha na kusambazwa kama taswira haliwezi kusomwa na programu inayowasomea wasioona, kwa sababu kwa programu hiyo taswira haina maneno. Tangazo hilohilo likiwekwa kama maandishi husomeka. Badiliko hilo halihitaji bajeti, bali uangalifu wa anayeliandaa.

Usalama wa mtumiaji

Mtumiaji mpya wa mtandao ndiye anayelengwa zaidi na matapeli. Ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, ukitegemea kuwa miongoni mwao atakuwepo aliyekuwa anatarajia kumtumia mtu fedha. Njia nyingine ni kumpigia mzazi na kumweleza kuwa mtoto wake ameugua ghafla shuleni na fedha za matibabu zinahitajika mara moja. Mwananchi anayepata ujumbe au simu ya namna hiyo asitume fedha, awasiliane na mhusika kwa namba anayoifahamu, na aitume namba ya tapeli kwenda 15040. Aidha, kwa kubonyeza *106# anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuomba ifutwe laini asiyoitambua, kwa kuwa uhalifu ukitendwa kwa laini hiyo, jina litakaloonekana ni lake.

Kwa upande wa mikopo ya mtandaoni, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya programu za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Mkopaji akichelewa kulipa, ndugu, majirani na hata mwajiri hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Kabla ya kukopa, mwananchi anashauriwa kuthibitisha kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani, kuziona na kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uhalifu wa kimtandao hushughulikiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na taarifa zake hutolewa kituo chochote cha Polisi.

Wajibu wa kila upande

Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Julai 2024, unaweka mwelekeo wa miaka kumi wa kukuza matumizi ya teknolojia katika uchumi na huduma. Utekelezaji wake utaonekana si kwa idadi ya minara na mifumo pekee, bali kwa idadi ya wananchi wanaoikamilisha huduma waliyoianza.

Wananchi wa maeneo yasiyo na mawasiliano ya uhakika wanashauriwa kuwasilisha taarifa zao kupitia ofisi za vijiji, kata na halmashauri, wakieleza kwa usahihi kama kinachokosekana ni mtandao wa kupiga simu au wa intaneti, ili eneo lao lizingatiwe katika mipango ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Taasisi za umma, kwa upande wao, zina wajibu wa kumhudumia pia mwananchi anayefika dirishani bila simu janja. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila raia haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa kuziomba. Haki hizo hazitegemei aina ya simu aliyonayo mwananchi wala umbali wa nyumba yake kutoka kwenye mnara.